Mabilioni yagombea gofu, mlango wazidi kuwa finyu

Alasiri ya Alhamisi, Juni 9, 2022, teksi nyeusi za London zilikuwa zikizunguka ndani ya klabu ya gofu ya Centurion, kaskazini mwa jiji hilo, zikiwapeleka wachezaji kwenye mashimo yao. Wote 48 walitakiwa kupiga mpira wa kwanza kwa wakati mmoja, kila kundi kutoka shimo lake. Mashindano makubwa ya kulipwa hayakuwa yamezoea kuanza hivyo.

Kwenye shimo la kwanza walisimama wanaume watatu. Wa kwanza alikuwa Phil Mickelson, Mmarekani mwenye mataji makubwa 6, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameweka historia kwa kushinda PGA Championship akiwa na miaka 50. Wa pili, Dustin Johnson, bingwa wa Masters wa 2020 na nambari moja wa zamani duniani. Wa tatu alikuwa Scott Vincent wa Zimbabwe.

Vincent hakununuliwa kwa mamilioni. Siku 4 kabla yake alikuwa ameshinda mashindano ya Asian Tour pale Slaley Hall, kaskazini mwa England, na ushindi huo ndio uliomfikisha pale. Waliokuja kutazama walikuja kwa ajili ya wale wawili. Msomaji naomba asimsahau huyu wa tatu, maana makala haya yanawahusu watu wa aina yake.

Mchezo ulianza saa 8 na robo mchana. Hata saa moja haijaisha, barua ikatoka Ponte Vedra Beach, Florida, makao makuu ya PGA Tour, ziara kuu ya gofu ya Marekani. Kamishna Jay Monahan alitangaza kuwasimamisha wachezaji 17 waliokuwa wakicheza Centurion siku hiyo. Baadhi yao walikuwa wameshajiuzulu; haikuwasaidia. Kila atakayewafuata, barua ilisema, yatampata yaleyale.

Ligi mpya ilikuwa imezaliwa. Jina lake LIV, yaani 54 kwa namba za Kirumi, idadi ya mashimo yaliyochezwa kwa siku 3 badala ya 72 ya siku 4 yaliyozoeleka.

Donge la aliyeshika mkia

Charl Schwartzel wa Afrika Kusini ndiye aliyeshinda Centurion. Alitia kibindoni dola milioni 4, karibu shilingi milioni 470 za Kenya kwa thamani ya wakati ule, na dola 750,000 zaidi kwa kuwa timu yake nayo iliongoza. Mfuko mzima ulikuwa dola milioni 25. Gofu haikuwa imewahi kutoa kiasi hicho katika mashindano mamoja.

Lakini mimi nadhani habari kubwa zaidi ya wikendi ile ilikuwa chini kabisa ya orodha. Andy Ogletree, bingwa wa ridhaa wa Marekani mwaka 2019, alimaliza wa 48 kati ya 48. Akalipwa dola 120,000.

Wiki hiyohiyo, ng'ambo ya Atlantiki, PGA Tour ilikuwa Toronto kwa ajili ya Canadian Open. Huko wachezaji wanacheza Alhamisi na Ijumaa, kisha unafanyika mchujo. Takriban nusu yao hufungasha fimbo zao Ijumaa jioni na kurudi nyumbani bila senti moja, wakiwa wameshalipa nauli, hoteli na kedi kutoka mifukoni mwao. Rory McIlroy ndiye aliyeshinda Toronto, taji lake la 21 la PGA Tour, na hakuficha kwamba sasa alikuwa amempita kwa taji moja mtu fulani. Mtu huyo alikuwa Greg Norman, Mwaustralia aliyekuwa mtendaji mkuu wa LIV.

Mchujo ni mkatili. Ila ndio uliokuwa roho ya gofu ya kulipwa. Mcheza mpira ana mshahara mwezi ukiisha, apangwe asipangwe. Mcheza gofu alikuwa kama mvuvi: usipovua, huli. Ndiyo maana kijana asiyejulikana, aliyefika kwa gari la kukopa, aliweza Jumapili jioni kusimama juu ya bingwa wa dunia. Bingwa naye alianza Alhamisi akiwa na sifuri sawa na yeye.

> Mcheza gofu wa kulipwa alikuwa kama mvuvi: usipovua, huli.

LIV iliondoa hilo. Hakuna mchujo, wote wanalipwa, na mastaa walishalipwa kabla ya kushika fimbo. Vyombo vya habari viliripoti kwamba Mickelson aliahidiwa takriban dola milioni 200, na Johnson zaidi ya milioni 100. Norman alisema hadharani kwamba Tiger Woods alikataa kitita cha kati ya dola milioni 700 na 800.

Waasi wa 1968

Watetezi wa PGA Tour walizungumza mwaka ule kana kwamba shirika lao lilishuka kutoka mbinguni pamoja na nyasi za Augusta. Historia yao inasema vingine.

PGA of America iliundwa mwaka 1916. Kilikuwa chama cha walimu wa klabu, watu wanaouza mipira, kurekebisha fimbo na kufundisha matajiri kupiga mpira ukanyooka. Mashindano yalikuwa shughuli ya pembeni. Televisheni ilipoingia na fedha zake miaka ya 1960, wachezaji wa mashindano walianza kuuliza fedha zile zinakwenda wapi, na kwa nini chama chenye maelfu ya walimu ndicho kinachoamua.

Agosti 1968 wakajitenga. Walianzisha shirika lao, American Professional Golfers, na miongoni mwa vinara wake alikuwa Jack Nicklaus. Chama mama kilitisha na kulaani. Kufikia Desemba pande mbili zilipatana: wachezaji wakapata kitengo chao chenye mamlaka yake, na mwaka 1969 Joseph Dey akawa kamishna wa kwanza. Kitengo hicho ndicho PGA Tour ya leo.

Kwa hiyo shirika lililowafungia mlango waasi wa 2022 lilizaliwa na uasi, na sababu zilikuwa zilezile: nani ameshika fedha, na nani anapanga ratiba. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Norman naye hakuwa mgeni wa vita hivi. Novemba 1994, akiwa kileleni, alitangaza ligi ya dunia ya wachezaji wachache bora. Arnold Palmer, mzee aliyeheshimiwa kuliko wote, alisimama mbele ya wachezaji akaipinga, na ndoto ikafa. Miaka michache baadaye, mwaka 1999, PGA Tour na washirika wake wakaanzisha mashindano ya dunia yaliyofanana mno na wazo la Norman. Aliyebaki na uchungu huo kwa karibu miaka 30 hakuhitaji kubembelezwa sana Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia iliyoigharamia LIV, ilipomwita.

Nicklaus naye aliitwa. Amesimulia kwamba alipewa nafasi ya kuwa sura ya LIV kwa zaidi ya dola milioni 100, akakataa. Kiongozi wa uasi wa 1968 alibaki nyumbani.

Fedha za Riyadh

Tofauti kubwa kati ya 1968 na 2022 ni mwenye mfuko. Nicklaus na wenzake walikuwa wakigombania fedha walizozalisha wenyewe. LIV ilianza kwa fedha za Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, PIF, ambao wakati ule ulikuwa na mali ya zaidi ya dola bilioni 600. Mashabiki wa soka Afrika Mashariki wanaufahamu: ndio ulioinunua Newcastle United Oktoba 2021. Gavana wake ni Yasir Al-Rumayyan, naye ni mpenzi wa gofu kwelikweli. Mwenyekiti wake ni Mwanamfalme Mohammed bin Salman.

Hapo ndipo gofu ilipokutana na damu. Oktoba 2, 2018, mwandishi wa habari Jamal Khashoggi aliingia ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul kuchukua hati za ndoa, akauawa humo ndani. Ripoti ya ujasusi ya Marekani iliyotolewa Februari 2021 ilisema mwanamfalme aliidhinisha operesheni hiyo. Yeye amekanusha kutoa amri.

Familia za waliokufa Septemba 11, 2001 pia zilikuja juu. Kati ya watekaji 19 wa ndege siku ile, 15 walikuwa raia wa Saudi Arabia, na familia hizo zimekuwa zikiidai serikali hiyo mahakamani kwa miaka mingi. LIV ilipopeleka mashindano Bedminster, New Jersey, Julai 2022, kwenye uwanja wa Donald Trump ulio mwendo mfupi tu kutoka New York, waliandamana.

Sisi tulio katika taaluma ya habari hatuwezi kulipita jina la Khashoggi kama namba ya ukurasa. Aliuawa kwa sababu ya kalamu. Mchezaji anayesema hajui siasa, yeye anacheza gofu tu, anajua vizuri mshahara wake unatoka wapi. Na mwanamfalme hakuficha nia: Septemba 2023 aliiambia televisheni ya Marekani kwamba ikiwa kusafisha jina kwa michezo kunaongeza uchumi wake kwa asilimia 1, ataendelea kufanya hivyo.

Hata hivyo, haki inanitaka niseme na la upande wa pili. Chama kilichoizaa PGA Tour kiliweka mwaka 1934 kifungu cha katiba kilichoruhusu Wazungu pekee kuwa wanachama. Kilifutwa Novemba 1961. Charlie Sifford, Mmarekani mweusi aliyekivunja kizuizi hicho, alikuwa akikaribia miaka 40 alipopewa nafasi ambayo Wazungu wa kipaji chake walipata wakiwa vijana. Gofu ya Marekani haikuwa mahali pa kutolea mahubiri ya usafi.

Wachezaji nao walikuwa na malalamiko ya kweli. PGA Tour ilikuwa imesajiliwa kama shirika lisilo la faida, ilhali ikishika haki za picha na televisheni za wachezaji wake na kuamua nani apewe ruhusa ya kucheza wapi. Ghafla, baada ya LIV kutokea, fedha ambazo hazikuwapo zikapatikana. Zawadi ya Players Championship ilikuwa dola milioni 15 mwaka 2021. Kufikia 2023 ikawa milioni 25. Wachezaji wenye kadi kamili, yaani haki ya kucheza msimu mzima, wakahakikishiwa angalau dola 500,000 kwa msimu. Mickelson, kwa makosa yake yote, alikuwa amesema kuna fedha zimekaliwa. Hakudanganya.

Kwa nini mashabiki hawakuandamana

Msomaji wa soka atakumbuka Aprili 2021. Klabu 12 za Ulaya zilitangaza ligi yao ya matajiri Jumapili usiku. Kufikia Jumanne usiku klabu zote 6 za England zilikuwa zimejitoa, mashabiki wakiwa wamejaa barabarani nje ya uwanja wa Chelsea.

Gofu haikuwa na jeshi hilo. Shabiki wa gofu humfuata mtu, hana klabu ya mtaani kwao wala jezi ya babu yake. Mtu akihama, shabiki anahama naye au anazima televisheni. Na wengi walizima. Aprili 2025, siku ya mwisho ya mashindano ya LIV mjini Miami, waliotazama kwenye televisheni ya Fox hawakufika nusu milioni. Mashindano ya kawaida tu ya PGA Tour huko Texas siku hiyohiyo yalitazamwa na zaidi ya milioni moja na nusu.

Kuna mahali LIV ilifanikiwa, na ni kosa kupanyamazia. Adelaide, Australia, makumi ya maelfu ya watu wamejaa kila mwaka tangu 2023, vijana kwa wazee, muziki ukipigwa. Australia ilikuwa imesahauliwa na gofu ya Marekani kwa muda mrefu. Walioachwa nje wakifunguliwa mlango, wanaingia kwa shangwe, na hawaulizi sana nani ameshika kitasa.

Mtu aliyepoteza wenzake 66

Agosti 2022 Mickelson na wenzake 10 waliipeleka PGA Tour mahakamani California kwa kuvunja sheria za kuzuia ukiritimba. PGA Tour ikafungua madai yake. Mawakili wakaanza kula kuku kwa mrija. Uingereza, Aprili 2023, jopo la usuluhishi liliamua kwamba ziara ya Ulaya, DP World Tour, ilikuwa na haki ya kuwatoza wachezaji wake faini ya pauni 100,000 kwa kwenda Centurion bila ruhusa. Sergio Garcia, Lee Westwood na Ian Poulter, nguzo za Ulaya katika Kombe la Ryder, wakajiuzulu uanachama mwezi uliofuata.

Kisha Juni 6, 2023 ikafika.

Asubuhi hiyo Monahan alionekana kwenye televisheni ameketi kando ya Al-Rumayyan. PGA Tour, DP World Tour na PIF walikuwa wamesaini makubaliano ya awali ya kuunganisha biashara zao, na kesi zikafutwa. Mwaka mmoja kabla, akiwa pia kwenye televisheni, Monahan alikuwa ameuliza kama kuna mchezaji wa PGA Tour aliyewahi kulazimika kuomba radhi kwa kuwa mwanachama. Wachezaji wengi walipata habari ya makubaliano kwenye simu zao kama mtu mwingine yeyote. McIlroy, aliyepigana kwa niaba ya kamishna kwa mwaka mzima, alisema siku iliyofuata kwamba alijiona kama mwanakondoo wa kafara.

Aliyeanzisha mazungumzo hayo ya siri alikuwa Jimmy Dunne, mjumbe wa bodi ya PGA Tour. Maisha ya mtu huyu ni magumu kuyasimulia bila kusita. Alikuwa mmoja wa viongozi wa kampuni ya fedha ya Sandler O'Neill, yenye ofisi katika mnara wa kusini wa World Trade Center. Septemba 11, 2001 hakuwa ofisini. Alikuwa uwanjani akijaribu kufuzu kwa mashindano ya ridhaa ya gofu. Kampuni yake ilipoteza watu 66 asubuhi ile, wakiwamo rafiki zake wa karibu kabisa.

Miaka 22 baadaye ni yeye aliyemwandikia Al-Rumayyan ujumbe wa WhatsApp kuomba wakutane. Alipoulizwa, alijibu kwamba hao anaoshughulika nao si waliohusika na mauaji yale. Familia za wahanga hazikukubaliana naye. Mimi simhukumu. Lakini nasema hivi: kama yeye, mwenye jeraha lile, aliweza kukaa meza moja na Riyadh, basi viongozi wa PGA Tour hawakuwa na haki ya kulitumia jeraha la wengine kama ngao ya biashara mwaka 2022 na kulisahau mwaka 2023.

> Jeraha la Septemba 11 lilifanywa ngao ya biashara mwaka 2022, likasahauliwa mwaka 2023.

Makubaliano yenyewe hayakuzaa ndoa. Baraza la Seneti la Marekani liliwahoji Dunne na mwenzake Ron Price Julai 2023. Tarehe ya mwisho, Desemba 31, ilipita. Kabla haijapita, LIV ilimnyakua Jon Rahm wa Uhispania, bingwa wa Masters, kwa fedha zilizoripotiwa kuzidi dola milioni 300. Januari 2024 PGA Tour ikapata mwekezaji mwingine, kundi la matajiri wa michezo wa Marekani wakiongozwa na wamiliki wa Liverpool, lililoweka dola bilioni 1.5 na kuahidi kufika bilioni 3. Februari 2025 Trump aliwaita wote Ikulu, Woods akiwapo. Wakatoka bila mkataba.

Nairobi iko wapi katika haya?

Iko karibu kuliko tunavyodhani. Kenya Open ilianza mwaka 1967 pale Muthaiga. Seve Ballesteros alishinda mwaka 1978, Ian Woosnam 1986, Trevor Immelman mwaka 2000. Wote watatu walivaa baadaye koti la kijani la Masters, Immelman akiwa wa mwisho, mwaka 2008. Tangu 2019 mashindano haya ni ya ngazi ya juu ya ziara ya Ulaya.

Na ziara hiyo ya Ulaya ndiyo iliyokuwa uwanja wa mapambano. Saudi Arabia iliitaka. PGA Tour ikawahi: Juni 2022 ilitangaza kuongeza hisa zake katika kampuni ya televisheni ya ziara hiyo kutoka asilimia 15 hadi 40, na kurefusha ushirikiano hadi 2035. Sehemu ya mapatano ni kwamba wachezaji 10 bora wa ziara ya Ulaya wasio na kadi hupewa kadi ya PGA Tour kila mwaka. Mfaransa Matthieu Pavon alipita njia hiyo mwishoni mwa 2023, na Januari 2024 akashinda Torrey Pines, California. Kwa hiyo barabara ipo, kwenye karatasi, kutoka Nairobi hadi California.

Sasa tazama fedha. Tuangalie mfuko tu. Mwaka 2025 Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini alishinda Kenya Open pale Muthaiga. Mfuko mzima wa mashindano, kwa wachezaji wote, ulikuwa dola milioni 2.5. Schwartzel, Mwafrika Kusini mwenzake, alibeba peke yake karibu mara mbili ya hizo kwa siku 3 za Centurion.

Hakuna Mkenya aliyewahi kuitwaa Kenya Open. Aliyekaribia ni Jacob Okello, mwaka 1998, aliposhindwa na Ricardo González wa Argentina kwenye mashimo ya ziada. Wakenya wa leo huingia kwa nafasi za wenyeji. Wanapokutana na watu wanaoishi kwa kucheza wiki baada ya wiki, pengo linaonekana Ijumaa.

Wapo watakaosema LIV ndiyo itakayoifungulia Afrika, na kwamba ilipanga mashindano yake ya kwanza barani, Steyn City karibu na Johannesburg, Machi 2026. Nafurahi kwa Johannesburg. Ila mashindano yale ni ya wenye mikataba. Kijana wa Kakamega au Lugogo hapati njia ya kuingia kwa sababu tu basi limesimama karibu na kwao.

Kadi 125 zawa 100

Kila upande ulidai kumpigania mchezaji. Mchezaji yupi?

Ili kuzuia mastaa wasiondoke, PGA Tour ilianzisha mashindano maalumu, 8 kwa msimu wa 2024, mengi yakiwa na mfuko wa dola milioni 20 na wachezaji wachache, takriban 70 hadi 80. Matano kati ya hayo hayakuwa na mchujo. Yaani ili kuishinda LIV, ilijifunza kufanana nayo. Kisha Novemba 2024 bodi ikaamua kwamba kuanzia msimu wa 2026 wanaobaki na kadi kamili watakuwa 100 badala ya 125, na kadi zinazotoka kwenye ngazi ya chini zipungue kutoka 30 hadi 20.

LIV nayo imelipa gharama yake. Hesabu za kampuni yake ya Uingereza zilionyesha hasara ya zaidi ya dola milioni 460 kwa mwaka 2024 peke yake. Norman aliondoka, na mwanzo wa 2025 nafasi yake ikachukuliwa na Scott O'Neil. Novemba 2025 ligi yenye jina la 54 ilitangaza kwamba itacheza mashimo 72, kama wale iliowaasi.

> Ili kuishinda LIV, PGA Tour ilijifunza kufanana nayo. Na LIV ikarudi kwenye mashimo 72.

Desemba 2025 Brooks Koepka, mtu wa kwanza kushinda taji kubwa akiwa LIV, PGA Championship ya 2023, alitangaza kuondoka. Wiki chache baadaye PGA Tour ikamfungulia mlango: atoe dola milioni 5 kwa misaada, na asishiriki hisa za wachezaji kwa miaka 5. Mlango huohuo uliachwa wazi kwa Rahm, Bryson DeChambeau na Cameron Smith hadi mwanzo wa Februari 2026, kwa kuwa ndio walioshinda mataji makubwa au Players Championship katika miaka ya karibuni. Hawakuingia.

Utaratibu ule ulitungwa kwa kipimo cha watu 4. Kwa wale 25 walioondolewa kwenye orodha ya kadi, na kwa vijana 10 wa ngazi ya chini ambao wangepanda kila mwaka, hakuna aliyetunga utaratibu.

Mimi siitetei LIV, kwa sababu ya fedha zake na kwa sababu ya Khashoggi. Siwezi pia kuwapongeza walioilinda gofu kwa kupunguza watu wanaoruhusiwa kuicheza. Kama viongozi wa gofu wa Kenya, Uganda na Tanzania wana sauti yoyote kwenye meza ya DP World Tour, na Kenya kama mwenyeji inayo, basi waombe jambo moja: zile kadi 10 za kwenda Marekani zisiguswe mazungumzo yatakapofufuka, na nafasi za wenyeji zisipunguzwe.

Na wewe msomaji, Kenya Open ijayo usingoje Jumapili kuona nani anabeba kombe. Nenda Ijumaa jioni. Kiingilio kikikuruhusu, sogea karibu na ubao wa matokeo pale wachezaji wa mwisho wanapoingia, uone nani amepita mchujo na nani anamlipa kedi wake na kuondoka.